Kampuni ya Mtani

Kaka yangu Yusuf na mdogo wetu Abdul walikuwa hawakubaliani juu ya kitu chochote. Mmoja akisema mvua inakuja, mwenzake anaanika mpunga. Kwa hiyo siku walipokubaliana, tena mbele yangu, tena kwa kauli moja, nilishtuka kuliko siku zote walizogombana.

Walikubaliana kumkataa Nickolaus.

Ngoja nieleze vizuri. Sisi ni watoto watatu wa Mzee Mwinyimvua, Mzaramo wa Kisarawe aliyeingia Ifakara ujanani na baiskeli na mzigo wa vitenge, akanogewa na wali wa huku, hakurudi tena. Leo ana mashine ya kukoboa mpunga na stoo kubwa hapa hapa Ifakara, mtaani Mlabani, ambako Yusuf ndiye msimamizi, na stoo nyingine iko Mkula, kando ya barabara ya Kidatu, hiyo ameshika Abdul. Mimi Firdausi nimezaliwa katikati yao na nimekaa katikati yao mpaka leo, kwa sababu hesabu za stoo zote mbili ziko mezani kwangu. Mkulima analeta mpunga Mkula, Abdul anaupokea, lori linauleta Mlabani, Yusuf anaukoboa, mchele unauzwa. Ukiisikia, ni kazi nyepesi kabisa.

Tabu ilikuwa moja. Magunia hayatimii. Kila nikifunga hesabu, Mkula pungufu na Mlabani pungufu. Si sana, ingekuwa sana tungeita polisi yakaisha. Ni kidogo kidogo, ule upungufu wa kukera kama mchanga kwenye wali. Nikimuuliza Yusuf kuhusu stoo yake, anasema ni panya. Nikimuuliza kuhusu stoo ya Abdul, anasema ni Abdul. Nikimpigia Abdul, kwake naye ni panya, na kwa Yusuf ni Yusuf. Mwanzo walisemana kwa mafumbo, baadaye wakayaacha mafumbo wakatumia jina lenyewe: mwizi. Ilifika mahali hata simu hawapigiani. Wote wawili wananipigia mimi, nami nabeba maneno huku na huku kama mshenga asiyelipwa. Iddi ya mwisho Abdul alikuja kusali Ifakara, akala kwangu, akapita na gari mbele ya nyumba ya kaka yake bila hata kupunguza mwendo.

Watu husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nilikuwa nimelima misimu miwili na kapu silioni.

Baba akachoka. Alituita akasema msimu huu ukiisha hivi hivi anagawa. Mkula ya Abdul, Mlabani ya Yusuf, kila mtu ashike lake. "Na wewe, mama," akaniambia, "utachagua wa kukaa naye."

Watoto wa watu wengine wakisikia mali inagawiwa wanafurahi. Mimi nilifika nyumbani nikajifungia nikalia. Stoo ya Mkula bila mashine ni banda tu, na mashine bila mpunga wa Mkula itakoboa upepo, hilo lilikuwa wazi. Lakini si hilo lililoniliza. Nilijua hawa wawili wakishagawana, siku watakayokaa tena mkeka mmoja ni siku ya kumzika baba.

Ndiyo maana nikapigania mfumo. Nilitaka mfumo wa kompyuta, gunia likipokelewa Mkula lionekane Mlabani dakika hiyo hiyo, na likitoka ionekane nani amelitoa. Nilimwambia baba kwamba wanawe hawagombani kwa sababu ya ubaya, wanagombana kwa sababu hakuna anayeona stoo ya mwenzake. Alivuta tasbihi yake muda mrefu, akaniambia, "Haya, tafuta."

Nilipoanza kutafuta nikagundua kwamba programu zenyewe zimejaa, kazi ni kumpata wa kukufungia. Rafiki yangu Edna ana duka la dawa mjini. Alinunua programu nzuri kabisa, kijana akaja, akafunga, akapiga picha ya pamoja, akaondoka. Simu yake haijapokelewa tangu siku hiyo, na ile kompyuta wanaangalizia katuni watoto wa Edna. "Usiniulize programu gani," aliniambia. "Niulize nani. Kuchagua wa kukufungia mfumo ni kuchagua mchumba, shoga. Utakaa naye." Nikayashika maneno yake. Kampuni kadhaa zikaniletea ofa, nikazichambua, nikabakiza mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya huyu Nickolaus, kutoka Dar es Salaam. Alikuja kwa wakati, shati limenyooka, akamwamkia baba kwa adabu zote, akaturushia mambo yake ukutani kwa projekta. Umeme ulipokatika hakutetereka. Alikuwa na betri yake kwenye begi. Kila nilichouliza alikuwa na jibu. Nilimpenda, siwezi kudanganya. Mwishoni akafunga kompyuta, akamgeukia baba.

"Mzee, nikuhakikishie jambo moja," alisema. "Mfumo wangu ukikaa hapa mwezi mmoja tu, kila gunia linalotoka kinyemela nitakuonyesha nani amelitoa. Mwizi wenu mtamjua kwa jina."

Nilikuwa karibu kupiga makofi. Nickolaus alipotoka kwenda kwenye gari, Yusuf akajikohoza.

"Huyu hapana," akasema.

"Kweli, kaka," akasema Abdul. "Huyu hapana."

Kaka! Neno hilo lilikuwa halijatoka mdomoni kwa Abdul siku nyingi. Nikawauliza kwa nini. Yusuf akasema Dar ni mbali. Abdul akasema jamaa anaongea sana. Dar ni mbali, wakati wao wenyewe kila mwezi wanapeleka mchele huko! Baba alikuwa anaangalia shanga za tasbihi. Mimi damu ilinichemka. Mtu wa kukamata mwizi amekuja, na ndugu zangu wote wawili wanamkimbia. Nilichoelewa mimi ni kwamba sina ndugu mmoja mwizi; ninao wawili.

Ya pili ilikuwa kampuni ya Morogoro, na mtu wao wa huku kwetu ni binti anaitwa Minza. Amezaliwa hapa hapa bondeni. Wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga, yeye akasoma kompyuta Dodoma, akarudi. Alikuja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Hana projekta, hana betri. Nikasema moyoni, huyu tumsikilize tu tusiwe tumemvunjia heshima.

Baba aliposikia jina akainua uso. "Minza? Msukuma wewe?"

"Ndiyo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Ng'ombe umewafunga wapi?"

"Nimewaachia kwenye shamba lako, babu. Nimekuta halina mwenyewe, nikaambiwa mwenyewe Mzaramo, yuko ngomani."

Baba alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanzu. Wazaramo na Wasukuma ni watani, na mzee wetu katika mambo yote aliyoyaacha Kisarawe, utani hakuuacha. Hapa Ifakara amezungukwa na Wasukuma wanaomletea mpunga, na hakuna anayemaliza kupima bila kutukanwa ukoo mzima. Lakini wengi wanamwogopa, ni tajiri, wanajibu nusu nusu. Huyu binti alijibu kamili. Nikaona baba amepata mchezo wake, na mimi nimepoteza asubuhi yangu.

"Haya, tuonyeshe huo mfumo," nikamwambia.

"Bado, dada," akasema Minza. "Naomba kwanza nikae stoo. Zote mbili. Siwezi kuwafungia kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi."

Akakaa kweli. Mlabani alikaa na watu wa mzani, akashika kalamu, akabeba hata debe la pumba. Mkula alikwenda juu ya lori, akarudi juu ya lori. Anakula na makuli, anapiga Kisukuma na wauza mpunga, anacheka na walinzi. Ilipopita wiki nilianza kujiuliza kama amekuja kazini au harusini.

Halafu Yusuf akaja ofisini kwangu, akafunga mlango. "Firdausi, yule binti anauliza sana," akasema. "Mwambie inatosha." Hajafika nje, simu ikalia, ni Abdul wa Mkula. "Dada, huyo Msukuma anashinda stoo kwangu mpaka walinzi wamemzoea. Mwondoe." Nikakata simu bila kuaga. Sasa nilikuwa na uhakika kabisa. Nikaamua kwamba siku ya kikao nitamtetea Nickolaus mpaka mwisho. Baba ndiye mwenye kauli, na baba hawezi kukataa kumjua anayemwibia.

Kikao kilikaa Jumamosi baada ya laasiri, sebuleni kwa baba, nyuma ya mashine. Tulikuwa sisi wanne na Minza. Nilisema yangu nikamaliza: kampuni ya Dar ina uzoefu, ina watu, na imeahidi kumtaja mwizi. Yusuf akaangalia dari. Abdul akaangalia miguu yake. Baba akamsalimu Minza kwa Kisukuma, "Haya mtani, mwangaluka."

"Babu, jua linazama, sasa hivi ni mwadila," akasema Minza. "Unasalimia kama mtu aliyeamka saa hii."

Baba akacheka. Minza hakufungua kompyuta. Akaiweka chini, akakaa vizuri mkekani.

"Babu, nina swali kabla sijaanza. Leo nimekuja hapa kama kampuni au kama mtani?"

"Kwani kuna kampuni ya Wasukuma? Kaa kama mtani. Kampuni zimenichosha."

"Asante. Maana nililo nalo, kampuni ikilisema inafukuzwa."

Akanyoosha mkono, taratibu, akamvua baba kofia kichwani, akaipakata. Hapo hakuna aliyeshangaa. Mtani ana haki ya kuchukua kitu chako mbele za watu, na wewe una wajibu wa kukikomboa. Ukikasirika, aibu ni yako. Baba alikuwa ameshaanza kutabasamu, anasubiri kuambiwa alete mbuzi.

"Kofia hii utaikomboa kwa ukweli," akasema Minza. "Mzee Mwinyimvua, mwizi wa stoo zako ni wewe."

Nilisikia mashine inavyonguruma upande wa pili wa ukuta.

Abdul ndiye aliyesimama kwanza. "Wewe binti, toka! Toka sasa hivi!" Yusuf alikuwa ameshaokota kompyuta ya Minza anataka kumkabidhi mkononi.

"Baba hajagusa kitu," Yusuf akasema. "Ya Mlabani nimechukua mimi. Firdausi, sikia, nimechukua mimi. Yaishe."

"Na ya Mkula ni mimi," akasema Abdul. "Nilichukua. Mfukuzeni huyu."

Misimu miwili nilikuwa nasubiri mmoja wao akiri. Sasa wamekiri wawili kwa mpigo, na sikumwamini hata mmoja. Yusuf hajui kudanganya tangu utoto. Akidanganya sauti inatetemeka, na ilikuwa inatetemeka.

"Kaeni, kaka zangu," akasema Minza, hakunyanyuka. "Nimemwona kwa macho yangu. Mkula alikuja na kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi, watu wanatoka msikitini alfajiri. Akamwambia mlinzi, 'Abdul anajua,' akapakia, akaondoka. Hapa Mlabani anachukua wakati makuli wamekwenda kula. Anawaambia waliobaki, 'Yusuf anajua.' Mimi nikajiuliza, kama wanajua, mbona wanaitana wezi?"

Yusuf akaiweka kompyuta chini. Akamwangalia Abdul, na ndiyo mara ya kwanza namwona anamwangalia mdogo wake usoni tangu ugomvi ulipokolea.

"Ulikuwa unajua?" akamuuliza.

"Ya Mkula nilijua, mlinzi aliniambia," akasema Abdul. "Nilidhani anachukua kwangu tu. Nikasema labda kwa kuwa mimi ni mdogo, hanionei haya. Ningesema nini? Nimwambie dada kwamba baba anaiba? Nikasema panya."

"Na mimi nilidhani kwangu tu."

"Sasa kwa nini uliniita mwizi?"

"Kwa sababu kwangu nilijua hakuna mwizi, kuna baba. Ya kwako ikipungua, nikasema hapo hakuna baba, hapo kuna Abdul." Yusuf akamsogelea. "Na wewe ukafikiri hivyo hivyo."

Abdul alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kama mtu aliyetua mzigo.

Nikaelewa kila kitu, na nikaona aibu kwa niaba ya familia nzima. Kwa nini wamemkimbia Nickolaus! Hawakuwa wanaikimbia taa ya kumulika wezi. Kila mmoja alikuwa anaona jina la baba yake limeandikwa ukutani kwa projekta, mbele ya watoto wake na mgeni kutoka Dar, na kila mmoja akaona afadhali aitwe mwizi yeye. Mimi niliyejifanya mwerevu wa nyumba ndiye niliyekuwa nampigia debe mtu wa kumwaibisha mzee.

Baba alikuwa amekaa kichwa wazi. Bila kofia alionekana mdogo. Niliona anaitafuta hasira, na utani umemnyima.

"Sikuiba," akasema mwishowe. "Nilikuwa natoa sadaka. Kuna wajane. Kuna watoto ambao baba zao walinibebea mizigo. Kuna nyumba moja huko Masagati. Nilifika na vitenge vyangu nina homa, siwezi hata kusimama, wakanilaza kwao, wakanilisha uji, hawakuniuliza dini wala kabila. Wazee wale wamekufa, wajukuu zao mafuriko yakija wanalala njaa. Nisiwapelekee? Na sadaka ni siri. Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue."

"Lakini baba," nikasema, "uliona tunahangaika na magunia. Hukufikiri ni hayo?"

Akanishangaa. Alinishangaa kwa dhati kabisa. "Yatakuwaje ni hayo? Sadaka haipunguzi mali. Nilijua yaliyopungua ni mengine."

Hapo ndipo nilipomjua baba yangu. Mzee aliyekataa kudanganywa na kila dalali wa bonde hili aliamini, kwa moyo mweupe, kwamba gunia la sadaka likitoka stoo linabaki stoo.

"Babu," Minza akasema kwa upole, "mali haijapungua. Magunia ndiyo yamepungua."

Baba akamwangalia. Kisha akawageukia wanawe.

"Mmeitana wezi misimu miwili," akasema, "kwa kunificha mimi?"

Baba akalia. Sijawahi kumwona analia, hata tulipomzika mama alisimama kavu akapokea pole za watu. Yusuf alimsogelea upande huu na Abdul upande ule, wakamshika mabega, na mimi nikalia pia, nalia na kucheka, kwa sababu niliona mikono yao imegongana mgongoni kwa baba na hakuna aliyeuondoa wake. Minza aliinamisha kichwa akawa anachezea kofia.

Baba alipotulia, aliufuta uso na kurudi kuwa Mzaramo.

"Haya. Kweli nimeisema. Lakini sadaka kuiandika kwenye kompyuta, hilo hapana. Hata ukae na hiyo kofia mpaka kiama, Msukuma."

Mimi nilitaka kubishana. Mfumo usioandika kila kinachotoka ni mfumo wa nini? Lakini Minza alikuwa ameshafungua kompyuta na kuigeuza kwa baba.

"Angalia hapa, babu. Itaandika magunia manne yametoka, ametoa Mwinyimvua. Basi. Yamekwenda kwa nani haitauliza."

"Na hapa pa sababu?" nikauliza. "Lazima pawe na sababu."

"Sababu itakuwa, 'Ya mzee.'"

"Na akitokea mtu akaniuliza ya mzee gani, yanakwenda wapi?" baba akauliza.

"Kompyuta haitakuuliza, na wanao hawatakuuliza. Dada Firdausi ndiye simhakikishii. Huyo kumfunga mdomo ni mkataba mwingine."

Wote wakacheka, hata Abdul ambaye macho yalikuwa bado mekundu. Na mimi nikaacha wacheke. Nilikuwa najiuliza tungefika hapa na nani mwingine. Nickolaus angetufungia mfumo mzuri, na mwisho wa mwezi ungetutajia jina, na jina hilo tungeliona sote bila kuwa tumejiandaa, na mgeni wa heshima asingejua amefanya nini. Mfumo ungekuwa sahihi, na sisi tungekuwa tumekwisha. Wa kufunga mfumo si lazima ajue kila kitu, lakini lazima awe mtu anayeweza kumwambia mwenye mali kwamba tatizo ni yeye, na mwenye mali akabaki amekaa. Kwetu sisi mtu huyo alikuwa mmoja tu, na alikuwa na vumbi.

"Mimi nasema Minza," nikatamka.

"Minza," akasema Yusuf.

"Na mimi," akasema Abdul.

Baba akanyoosha mkono kudai kofia. Minza akampa, akamwambia fidia ya kuikomboa atadai siku nyingine, akiwa na njaa.

Nilimpigia Nickolaus mwenyewe, maana sipendi watu wanaokataa kwa kunyamaza. Alipokea vizuri. Aliuliza mshindani wake alimzidi nini, ili naye ajirekebishe. Nikamwambia ni Msukuma. Akacheka sana, akasema hilo hawezi kujirekebisha, yeye ni Mchaga.

Mfumo ulifungwa. Sitasema ulikuja na baraka tupu. Mtandao wa Mkula ukizingua, Abdul anapanda juu ya lori na simu mkononi kutafuta mawimbi, na kuna siku kompyuta ilikataa katakata kwamba pumba ni bidhaa. Lakini Minza simu yake inapokelewa, na asipopokea tunajua kwao ni wapi. Hesabu zinafungwa. Neno la kugawa halijasikika tena nyumbani kwetu, na baba amesahau, au anajifanya amesahau, kwamba aliwahi kulitamka.

Juzi zilikuja habari kutoka Masagati kwamba maji yamechukua mpunga wa ile nyumba. Baba hakukodi kirikuu. Alitembea mchana kweupe mpaka mzanini, akamwambia Yusuf mbele ya makuli, "Naomba magunia sita. Ya mzee." Yusuf akaandika kwenye kompyuta, makuli wakaanza kubeba. Halikufika gunia la tatu, simu ya Yusuf ikalia. Alikuwa ameshika kalamu mkono huu na gunia mkono ule, akanipa mimi niliyesimama pembeni nimwekee sauti ya nje.

"Kaka, naona umetoa sita," ilikuwa sauti ya Abdul. "Kwa nini umetoa wewe tena?"

"Mimi ndiye niliye karibu na barabara ya Mlimba, ndiyo ya kwenda Masagati."

"Mwezi uliopita ulisema lori lilikuwa kwako. Kabla ya hapo ukasema Mkula kulikuwa na mvua. Kila siku wewe! Thawabu zote uchukue wewe, mimi nikajibu nini huko mbele?"

"Abdul, magunia yameshabebwa."

"Yashushwe. Nakuja na yangu sasa hivi."

"Usiniletee ujinga, mimi ni mkubwa wako."

"Mkubwa ndiyo ale zamu za wenzake?"

Makuli walikuwa wamesimama na magunia mabegani, hawajui wapakie au washushe. Baba alikuwa amekaa juu ya mzani, anacheka kimya kimya, mabega yanatikisika. Nilitaka kupiga kelele, niwaambie wote wawili wanyamaze, mteja anasubiri, lori linasubiri, na Minza nitampigia aweke sehemu ya zamu kwenye mfumo wake ili tupumzike. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikaiweka simu juu ya gunia, katikati yetu, nikawaacha wagombane.